KAA NA KONOKONO: Vita ya ziwani iliyomfanya Mzungu aone bahari Tanganyika

Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Kijana aliyezaliwa Ibaba, kule milimani wilayani Ileje, anaweza kukua, akaoa, akajenga, akapata na wajukuu bila kuonja chumvi ya bahari hata siku moja. Sasa mtu akija kijiweni akakwambia eti bahari iliwahi kufika pande hizi za kwetu, utamcheka mpaka machozi yakutoke.

Basi yupo aliyesema hivyo. Na hakuwa mlevi wa mpakani. Alikuwa mwanasayansi wa Kiingereza, tena mwenye jina zito, na akaandika kitabu kizima kuthibitisha. Ushahidi wake? Konokono.

Usifunge gazeti, mpenzi msomaji. Najua konokono hana mvuto. Lakini habari hii ina vita, ina wizi wa nyumba pamoja na wake za watu, na huko mbele ina ugonjwa ambao huenda wewe mwenyewe unatembea nao mjini na hujui.

MAZIWA MAWILI, SISI KATIKATI

Tuanze na ramani. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, umekaa kati ya maziwa makubwa mawili. Kusini mashariki kuna Nyasa. Kaskazini magharibi, ukishaiacha Sumbawanga, kuna Tanganyika. Ndiyo maana mtu wa huku akitaka kitoweo anajua kutofautisha usipa wa Nyasa na dagaa wa Tanganyika bila kuuliza.

Mvua inayonyesha Ibaba hushuka na vijito mpaka Nyasa. Wa mjini wengi huchemsha hapa, kwa sababu mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja unamwaga maji Ziwa Rukwa. Mwingine, huu wa Ileje unaotutenganisha na Malawi, unamwaga Nyasa. Huu wa pili ndio wetu leo.

Maziwa hayo mawili yote yamo ndani ya Bonde la Ufa, yote ni marefu na membamba, yote yana kina cha kutisha. Nyasa linakwenda chini mita 700 hivi. Tanganyika ndiyo usiseme: takribani mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Ukiyatazama kwenye ramani unaweza kudhani ni mapacha.

Lakini chukua konokono wa kila ziwa uwaweke mezani. Wa Nyasa, kwa sehemu kubwa, ni konokono wa maji baridi kama unaowajua, gamba jembamba, jepesi, halina makuu. Wa Tanganyika ni habari nyingine kabisa. Kuna wenye gamba nene kama kigae. Kuna wenye matuta na mistari iliyochongwa kama ya fundi wa Kimakonde. Kuna mwenye miiba mirefu kama taji. Mshikishe mtu wa Bagamoyo mmojawapo, bila kumwambia umetoa wapi, atakuapia kwamba limeokotwa ufukweni kwao.

Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

MZUNGU AKAONA BAHARI

Mwaka 1858 John Hanning Speke, yule yule wa chanzo cha Nile, alifika Tanganyika na mwenzake Burton. Macho yalikuwa yanamsumbua vibaya, lakini aliondoka na magamba ya konokono. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja wa London, Woodward, akayaeleza mbele ya wasomi. Konokono mmoja mpaka leo anaitwa Spekia, kwa jina la huyo bwana.

Mwaka 1879 akaja kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, umri miaka 21 tu. Mkuu wa msafara wake, Keith Johnston, alifia njiani, dogo akabebeshwa msafara mzima. Akafika ncha ya kaskazini ya Nyasa, kisha akakata nchi kavu mpaka kusini mwa Tanganyika. Yaani alikatisha ardhi hii iliyo kati ya maziwa, tunakopita leo na mabasi. Naye aliokota magamba, na konokono mmoja akabaki na jina lake.

Halafu mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona kitu kilichowachanganya watu wote. Yavuyavu! Msomaji wa bara, yavuyavu ni kile kiumbe laini kama jeli kinachoelea baharini, ukikigusa kinawasha. Wa Tanganyika ni mdogo, kadiri ya sarafu, lakini ni yavuyavu halisi. Anafanya nini kwenye maji yasiyo na chumvi, katikati ya Afrika?

Ndipo anapoingia mwenyewe, John Edmund Sharrock Moore. Alizaliwa 1870, kwa hiyo alipoanza safari yake mwaka 1895 alikuwa na miaka 25. Alipitia Nyasa kwanza, akawachunguza viumbe wa huko, hakuona cha ajabu. Kisha akapanda uwanda wa juu kuelekea Tanganyika. Njia ya wasafiri wa wakati ule iliitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la tajiri wa Glasgow aliyetoa pesa ichongwe kutoka Karonga. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliiacha barabara hiyo upande wa Mwingereza, na ndiyo sababu mpaka umepita pale ulipopita, Tunduma huku, Nakonde kule.

Alipofika Tanganyika, Moore alishika kichwa. Konokono sura za baharini. Yavuyavu. Kaa wa ajabu. Akalinganisha yale magamba na mawe ya Ulaya yenye mabaki ya viumbe wa bahari za kale, enzi za madude makubwa ya dinosaria, akaona wanafanana kama ndugu. Akarudi tena 1899 kuhakikisha. Mwaka 1903 akatoa kitabu, *The Tanganyika Problem*, akasema wazi: zamani bahari ilifunika Bonde la Congo, ikafika mpaka hapa, kisha ikarudi nyuma na kuacha dimbwi. Dimbwi hilo ndilo Tanganyika. Konokono wake ni watoto wa bahari waliosahauliwa.

Nadharia tamu, au siyo? Hata mimi ningeinunua.

ILIVYOMWAGIKA

Tatizo la nadharia tamu ni kwamba watu wengine nao wana macho. Uingereza ikatuma msafara mwingine mwaka 1904, chini ya Cunnington, naye akarudi na makontena ya viumbe. Kufikia mwaka 1920 alikuwa ameshaandika kwamba hoja ya bahari haisimami.

Kwanza, umri. Enzi za bahari alizozitaja Moore zilikwisha miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa Tanganyika, kwa hesabu za wanajiolojia wa leo, lina miaka kati ya milioni 9 na 12. Ni zee sana kwa ziwa, lakini kwa bahari ile ni kitukuu wa kitukuu. Pili, yule yavuyavu alikuja kuonekana pia katika maji mengine baridi ya Afrika ambako hakuna aliyedai kwamba bahari ilifika. Tatu, ukimpasua konokono wa Tanganyika ukaangalia viungo vya ndani, ni wa ukoo wa mtoni. Miaka ya karibuni vipimo vya vinasaba vimepiga msumari wa mwisho: babu zao ni konokono wa mito na maji baridi ya Afrika. Hakuna hata mmoja aliyeachwa na bahari.

Moore hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Mwaka 1905 yeye na mwenzake Farmer ndio waliolipa jina lile tendo la chembe hai kugawanyika nusu kwa nusu ili zitoke mbegu na mayai ya uzazi, ile miosisi iliyowatoa jasho kwenye mtihani wa baiolojia kidato cha nne. Kwa hiyo ukimlaumu kwa jambo, mlaumu kwa hilo.

Ila swali lake lilibaki pale pale. Sawa, bahari haikufika. Kwa nini basi konokono wa mtoni avae nguo za baharini?

KIPOFU ALIYEONA KWA VIDOLE

Jibu lilianza mbali na hapa, tena kwa mtoto asiyeona.

Geerat Vermeij alizaliwa Uholanzi mwaka 1946. Alipofika miaka mitatu alikuwa ameshapoteza macho yote mawili kwa ugonjwa. Familia ikahamia Marekani, jimbo la New Jersey. Huko shuleni mwalimu wake alipenda kupanga dirishani magamba aliyotoka nayo likizo Florida. Wenzake waliyatazama. Geerat aliyashika. Akashangaa. Yale aliyoyazoea Uholanzi, bahari ya baridi, yalikuwa makavu na ya kawaida kama chokaa. Haya ya bahari ya joto yalikuwa laini kama yamepigwa rangi, yana mikunjo, yana miiba. Kichwani likaingia swali moja: kwa nini?

Swali hilo ndilo likawa kazi yake ya maisha. Alipoomba kusoma shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Yale, kulikuwa na wasiwasi, kipofu atasomaje magamba? Akawekewa gamba mkononi. Akalipapasa, akalitaja jina. Akawekewa la pili. Akalitaja. Mjadala ukaisha. Alipata udaktari wake mwaka 1971 na baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha California, Davis.

Vidole vyake vilimwambia nini? Kwamba gamba ni shajara ya vita. Mwenye macho anaona rangi, anapita. Vermeij alikuwa akipapasa na kukuta mishono, sehemu ambazo gamba lilivunjwa, konokono akaponea chupuchupu, akajenga upya. Yaani makovu. Palipokuwa na makovu mengi palikuwa na adui anayevunja, na hapo ndipo magamba yalipokuwa manene, yenye matuta na mdomo mwembamba usioingiza gando.

Akajenga hoja kwamba historia ya viumbe kwa sehemu kubwa ni mashindano ya silaha. Adui akiongeza nguvu, wanyonge hufa na wenye ngao nzuri hubaki na kuzaa. Ngao zikiwa nene, maadui dhaifu hulala njaa na wenye nguvu hubaki. Kizazi baada ya kizazi. Ni kama fundi wa kufuli na mwizi wa mtaa wako, hakuna anayestaafu. Mwaka 1978, yeye na Alan Covich, waliigeuzia hoja hiyo kwa konokono wa maji baridi na maadui wao.

Unaona tunakokwenda?

KAA MWENYE MAGEGO

Miaka ya 1980 Wamarekani Kelly West na Andrew Cohen walikuja Tanganyika na swali hilo mfukoni. Mwaka 1991 wao na mwenzao Baron walichapisha matokeo. Mshukiwa namba moja alikuwa kaa.

Kaa wa mito yetu ya Afrika wa kawaida ana magando ya wastani, anatafuna hiki na kile. Kaa wa Tanganyika wa jamii iitwayo Platythelphusa hapatikani pengine popote duniani. Yule mkubwa wao, ambaye jina lake la pili, armata, maana yake ni mwenye silaha, ana gando kama koleo la fundi bomba. Na ndani ya gando meno yake si ya kukatia, ni butu kama magego. Ni magego ya kusagia mawe.

Watafiti wakaweka kaa na konokono pamoja waone nani zaidi. Wakapima nguvu inayohitajika kupasua magamba. Wakahesabu makovu. Wakalinganisha na konokono wa maji baridi wa kwingine. Picha ikatoka safi. Konokono wa Tanganyika wana magamba manene zaidi, yaliyochongwa zaidi, magumu kuvunja zaidi, na yenye makovu mengi zaidi ya waliopona. Mwaka 1996 West na Cohen wakaenda ndani zaidi, wakatazama gamba lenyewe limejengwaje. Wakakuta limepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hili zimekatishwa na nyuzi za lile. Fundi seremala yeyote wa Tunduma ataelewa mara moja. Ni plaiwudi! Mbao moja hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, plaiwudi inagoma.

Kwa hiyo bahari haikuja Tanganyika. Ila vita vya baharini vilizuka humo humo, kwa kaa wa mtoni na konokono wa mtoni, waliofungiwa pamoja ndani ya ziwa lisilokauka kwa mamilioni ya miaka. Vita vile vile, silaha zile zile. Moore aliona sare za jeshi akadhani ni jeshi lile lile.

NYUMBA, MKE NA WIZI

Sasa konokono akifa, gamba linabaki. Na gamba gumu halioezi haraka. Sehemu kubwa za chini ya Tanganyika zimetandikwa magamba matupu, hasa ya konokono mkubwa aitwaye Neothauma, kama kitongoji cha nyumba zisizo na wenyewe. Unafikiri zitakaa bure hivi hivi, na maisha yalivyo magumu?

Kuna samaki anaitwa Lamprologus callipterus. Dume ni bonge la baba, kwa wastani ana uzito mara 12 wa jike. Jike ni mdogo kiasi cha kuingia ndani ya gamba la konokono na kutagia humo, akakaa na mayai mpaka watoto watoke. Kazi ya dume ni kukusanya nyumba. Anabeba magamba kwa mdomo, moja moja, anayarundika mahali pamoja. Mwenye magamba mengi ndiye mwenye wake wengi. Mambo ya mjini kabisa.

Na kama magamba hayatoshi? Anaiba kwa jirani. Wakati mwingine analibeba gamba huku mke wa jirani akiwa ndani. Ndugu yangu, umesikia vizuri.

Hiyo siyo yote. Wapo madume vibete, uzito wao ni asilimia mbili hivi ya uzito wa bonge. Wamezaliwa hivyo, hawatakua. Kibete anasubiri jike aingie kutaga, kisha anajipenyeza ubavuni mwake, anakwenda kujificha kwenye msokoto wa ndani kabisa wa gamba. Baba mwenye nyumba yuko nje, kifua mbele, analinda mlango.

Na yote hayo yanawezekana kwa sababu konokono alijenga gamba imara. Bila kaa kusingekuwa na gamba hilo, na bila gamba hilo kusingekuwa na nyumba wala fumanizi.

UKIMWONDOA ADUI

Tumecheka vya kutosha. Turudi Nyasa, maana huko ndiko maji ya Ibaba yanakoishia, na huko hadithi ya konokono na adui wake haichekeshi.

Kichocho unakijua. Mkojo wa damu. Vijijini kuna watoto wamewahi kudhani ndiyo dalili ya kubalehe. Minyoo ya kichocho lazima ipite ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kumfikia mtu. Konokono aliyeambukizwa anamwaga majini vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa mchana jua likiwa kali, na vinaingia kupitia ngozi nzima, isiyo na kidonda. Dakika chache za kuogelea zinatosha.

Zamani fukwe za wazi za Nyasa, zenye mchanga na mawimbi, zilihesabiwa kuwa salama. Hatari ilikuwa kwenye vidimbwi na matete. Lakini tangu katikati ya miaka ya 1980 mambo yakaanza kugeuka kule Cape Maclear, upande wa Malawi. Watu wakaanza kuambukizwa kwenye ufukwe wa wazi. Mwaka 1992 wafanyakazi wawili wa kujitolea kutoka Marekani, waliokuwa wameogelea pale, waligundulika na kichocho kilichofika mpaka kwenye mfumo wa neva.

Nini kilibadilika? Jay Stauffer, mtaalamu wa samaki kutoka Marekani, na wenzake akiwemo Henry Madsen wa Denmark, walimfuatilia samaki mmoja, Trematocranus placodon. Huyu ana magego kooni. Chakula chake ni konokono, anawaponda na kutema vipande. Ndiye kaa wa Nyasa, tuseme. Samaki huyo alikuwa amepungua vibaya karibu na ufukwe, kwa sababu ya nyavu za kukokota na nyavu za matundu madogo. Adui alipoondoka, konokono wakatamba mchangani. Kati yao alikuwemo konokono wa Nyasa peke yake, Bulinus nyassanus, anayeishi kwenye mchanga wa wazi, naye akathibitika kubeba kichocho.

Hivyo ndivyo kokoro la mvuvi linavyoweza kumaliza safari kwenye kibofu cha mkojo cha mwanafunzi. Wapo watakaosema watu lazima wale, na ni kweli. Ila hesabu ya samaki wa leo isipigwe bila gharama ya zahanati ya kesho.

Wala si Nyasa peke yake. Senegal walijenga bwawa la Diama kwenye mto wao mwaka 1986. Bwawa likawazuia kamba wa mtoni, ambao lazima washuke maji ya chumvi kuzaliana, na kamba hao walikuwa walaji wakubwa wa konokono. Kichocho kikalipuka. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kuwarudisha kamba majini kwenye kijiji kimoja cha huko, wakilinganisha na kijiji kisichorudishiwa. Konokono walioambukizwa walipungua sana, na mzigo wa mayai ya kichocho kwa watu ukashuka karibu nusu.

Nayataja ya Senegal kwa sababu mpango wa kujenga bwawa kwenye Songwe yetu umezungumzwa na Tanzania na Malawi kwa miaka mingi, kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na kuzuia mafuriko yanayoutesa uwanda wa chini kule Kyela. Umeme tunautaka, hakuna ubishi. Lakini maji yaliyotulia ni nyumba ya konokono, na mwanabaiolojia wa viumbe vya majini anatakiwa awe mezani tangu siku ya kwanza, asiitwe wagonjwa wakishapanga foleni.

Na wewe wa mjini, usijifanye haikuhusu. Kichocho hakikai kijijini. Kinapanda basi na mtu, kinakaa mwilini miaka bila kelele, kinaharibu kibofu, na kwa akina dada kinaweza kuleta vidonda sehemu za siri ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni magonjwa ya zinaa. Ndoa za watu zinavunjika hapo, kwa konokono! Kama uliwahi kuoga ziwani, bwawani au mtoni, nenda kapime. Dawa ipo, inaitwa prazikuantel, vidonge vyake hutolewa kwa kupima uzito wako, na mara nyingi humezwa siku moja tu.

UDONGO WA IBABA

Turudi mlimani kidogo. Ibaba na vijiji vya jirani hulimwa kwenye miteremko mikali. Shamba likilimwa kushuka na mlima, bila matuta ya kukinga wala nyasi, mvua ya kwanza ya masika inaondoka na rutuba. Mkulima anajua amepoteza mbolea. Asichokiona ni inakokwenda.

Andrew Cohen, yule yule wa kaa, aliliangalia swali hilo Tanganyika. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyolinganisha sehemu za ziwa zinazopokea tope jingi kutoka milima iliyokatwa miti na sehemu zenye maji safi. Penye tope, aina za viumbe zilikuwa chache. Tope linaziba nyufa za mawe wanamojificha kaa na konokono, na linafunika mwani wanaoula. Konokono aliyeshinda magando kwa mamilioni ya miaka hana ngao ya matope.

Halafu kuna joto. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walitoa matokeo kutoka kwenye tope la chini la Tanganyika, ambalo limehifadhi kumbukumbu kama daftari. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na hewa ya oksijeni haifiki chini. Walikadiria kwamba katika maeneo waliyochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilipungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Huko ndiko konokono na kaa wanakoishi.

Kazi hii, kwa taarifa yako, si ya Wazungu peke yao. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, na kuanzia mwaka 1998 vijana wa vyuo vya Afrika Mashariki walikuwa wakikutana hapo na wenzao wa Marekani katika mradi wa mafunzo ulioitwa Nyanza, wakizamia, wakihesabu konokono, wakipima tope. Kwa hiyo binti wa kidato cha tano anayesoma baiolojia pale Vwawa au Itumba asiambiwe kwamba sayansi ya viumbe vya majini ni ya watu wa pwani. Ana maziwa mawili, kila upande moja.

Likizo hii ukishuka Kyela, pita Matema. Usiingie majini, umeshasikia. Tembea kwenye mchanga mkavu, okota gamba tupu la konokono, kisha funga macho kama Vermeij. Pitisha ukucha kuanzia mdomoni, ufuate msokoto kurudi ndani. Ukikuta mahali mstari umekatika, pana mshono kama wa nguo iliyowekwa kiraka, hapo kuna siku kaa au samaki alibana, gamba likavunjika, na konokono akaondoka akiwa hai.

Kama huna nauli ya Matema, konokono yeyote wa kijito cha Ileje atafaa. Muokote akiwa mkavu.